Brauza Imejigeuza, Shemeji Kasingiziwa

Mpendwa mshauri,

Shikamoo, na unisamehe mwandiko, naandika nikiwa na hasira. Mimi ni karani wa masjala katika shule ya sekondari, mwaka wa kumi na tisa huu, na kompyuta yangu nimeizoea kama kiatu cha zamani, ila kila asubuhi kule juu pembeni kulikuwa na kiboksi kinanibembeleza nisasishe brauza, nami nabonyeza "Nikumbushe baadaye", miaka minne, mpaka nikachoka nikabandika plasta juu ya kioo nisikione tena, na kwa kuwa kilisema mabadiliko yataingia nikizima, basi sikuzima, jioni naifunika kitambaa na kwenda zangu nyumbani.

Fundi kompyuta wa shule ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, na kazi nilimwombea mimi, naye alinisihi weee, akasema hata kuna ujumbe wa ajabu unatoka kwenye anwani yangu ya barua pepe, nikamwambia usinifundishe kazi, nimeingia masjala wewe bado unanyonya. Jumatatu umeme ukakatika mpaka betri ya akiba ikaisha, uliporudi nikakuta brauza imejigeuza yenyewe, vitufe vimehama, na ukurasa wa kuchapia ripoti za wanafunzi haufunguki, na mkuu wa shule naye akaingia wakati huohuo anazitaka, nikaropoka, "Muulize fundi, ndiye aliyechokonoa!" Mkuu akamsimamisha kazi palepale, kikao chake cha nidhamu ni Ijumaa. Mke wangu sasa ananiita "karani" ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Niambie, mshauri, hawa wenye brauza wana haki gani ya kunibadilishia kitu kwa nguvu? Na nikinyamaza mpaka Ijumaa, mambo hayawezi kupoa yenyewe?

Karani Niliyeonewa

Mshauri anajibu:

Karani uliyemwonea mwenzio,

Pole kwa hiyo hasira. Nakubali, inaudhi mtu kukuta vitufe vimehamishwa bila hodi, na wenye brauza wengi hawana adabu hata kidogo. Lakini wewe hodi ulipigiwa! Ulipigiwa kila siku ya kazi kwa miaka minne, ukajibu kwa plasta. Brauza isiyosasishwa ni mlango wazi kwa wezi. Mlango wa nyumba yako ukitaka uache wazi, shauri lako. Huo wa masjala una majina ya watoto wa watu na namba za simu za wazazi wao. Hapo mimi nasema walazimishe, tena wamechelewa.

Sasa tuje kwenye aibu, maana ndiyo iliyokufanya uandike. Brauza haikumsingizia mtu, baba. Uliona haya kuonekana hujui kitu mbele ya mtu uliyemwombea kazi, ukaona heri aikose. Ijumaa haitapoa. Ijumaa itamkuta shemeji yako hana kazi, na wewe utaendelea kuitwa karani mpaka uzeeke.

Kesho, kabla ya kengele ya kwanza, ingia ofisini kwa mkuu. Usiketi. Sema, "Fundi hakugusa kitu. Umeme ulikatika, nami nikadanganya." Usianze hadithi za vitufe. Kisha yaandike hayohayo kwenye karatasi, utie saini, yasomwe kwenye kikao. Jioni mwombe shemeji yako msamaha mbele ya dada yake, tena kwa sauti ileile uliyomsingizia nayo. Akikubali, na asipokubali usishangae, mwombe akurekebishie huo ukurasa wa ripoti na akubadilishie nywila zako zote. Plasta ibandue mwenyewe, yeye akiwa anaangalia.

Na ule ujumbe wa ajabu aliokuambia, upo. Wiki tatu zilizopita ulinifikia mimi, kutoka anwani hiyohiyo uliyoiandika chini ya barua yako, ukinipongeza kwamba nimeshinda friji. Nikabonyeza. Hata brauza yangu ilikuwa na kiboksi chake, nami nilikuwa nakiambia baadaye. Jibu hili nimeliandika kwa kalamu. Shemeji yako akishasafishwa jina, naomba namba yake.