Sikio la Sigara

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Unakula? Sisi wazima, ila goti langu linanikumbusha umri.

Baba yako ameacha sigara. Hakuna aliyemwambia, mimi nilishachoka kusema. Unajua anavyofanya useremala, sikio moja penseli, la pili sigara. Jumatatu sikio la pili tupu. Nikamuuliza, "Mzee, mwenziwe penseli yuko wapi?" Akasema, "Nimempa talaka." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ulisema kazini kompyuta yako inachambua majibu ya maelfu ya wavutaji, mjue kwa nini watu hujaribu kuacha. Basi iulize kama ni kelele zangu zimemwingia. Nataka kujisifu kidogo.

Mama yako

11 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi sijambo, goti likandwe.

Kompyuta inapanga majibu mafungu mafungu. Kelele za mke zimo, ila ni fungu dogo. Wazee wa umri wa baba wanaoacha ghafla, kimyakimya, wengi wametoka kwa daktari. Labda yeye si mmoja wao. Muulize, mama, taratibu, lakini muulize leo.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Safari hii siwezi kuandika kwamba sisi wazima.

Barua yako ilinikasirisha. Nilisema, huyu kasoma mpaka furaha ya mama yake anaipitisha kwenye mashine. Nikaiweka chini ya godoro, sikumuuliza kitu. Alikuwa anakonda, nami nawaambia majirani ni mwili unajisafisha moshi.

Juzi natafuta misumari, nikakuta karatasi ya hospitali kwenye sanduku la randa. Ya Februari. Nilisoma polepole, herufi kwa herufi. Mapafu. Imeandikwa arudi mwezi wa tatu aanze matibabu. Hakurudi.

Nikamuuliza, "Mbona hukusema?" Akajibu, "Ulikuwa unacheka. Miaka mingapi sijakuona unacheka vile?"

Jana tumekwenda wote. Daktari anasema mwezi wa tatu palikuwa na la kufanya. Sasa ni dawa za maumivu tu.

Amelala hapa, penseli sikioni, hataki itolewe. Njoo, mwanangu, usijibu kwa barua. Na ukija, nakuomba, usimwambie kwamba uliniandikia mapema.

Mama yako