Ng'ombe Wasioonekana Zizini

Mpendwa mjomba,

Shikamoo. Nakuomba sana, ukimaliza kusoma usimwonyeshe mtu maneno haya, hata mama. Mtumishi wa benki akitoa nje mambo ya kamati ya mikopo anafukuzwa, na mimi bado niko kwenye kipindi cha majaribio.

Unakumbuka likizo ulipokuwa ukinichukua kwenda kuwatazama ng'ombe wako kwa marafiki zako, toka Chemba mpaka karibu na Kolo? Nilikuuliza kwa nini usiwaweke wote nyumbani. "Ugonjwa ukiingia zizi moja, mpwa wangu, kesho naomba unga kwa mama yako." Kila tulipofika tulipewa maziwa, nawe ukawasifu wenyeji kana kwamba ng'ombe ni wao.

Jana kamati ilijadili ombi lako la mkopo wa mashine ya kukamua alizeti. Nilikuwepo kuandika yaliyosemwa. Afisa mikopo alikuja kwako kuwakagua ng'ombe uliowaweka dhamana, akakuta zizi karibu tupu. "Ng'ombe wa huyu mzee wako likizo?" aliuliza, wakacheka. Meneja hakucheka. Alisema kanuni za mabenki ni kali: dhamana isiyothibitika, wakaguzi wakiikuta, mkopo unahesabiwa wa mashaka na benki inatenga fedha zake kuufidia. Uamuzi umesogezwa hadi Ijumaa ya wiki ijayo.

Nilijua ng'ombe wako wapi, lakini niliendelea kuandika, maana hawajui kwamba wewe ni mjomba wangu. Kanuni hizohizo zinakataza benki kumrundikia mtu mmoja mikopo mingi, ili akianguka isianguke naye. Ni hesabu yako ileile, mjomba, ila yako ina kwato.

Najua utataka kuwakusanya. Tafadhali usifanye hivyo. Ulinifundisha kwamba kumchukua ng'ombe ghafla ni kumwambia rafiki humwamini. Mwombe afisa arudi, umpeleke zizi kwa zizi, na kila anayekutunzia asaini kwamba ng'ombe ni wako, mbele ya mtendaji wa kijiji.

Usipige simu ofisini. Ukija benki nitakuamkia kama mteja yeyote, usiniite mpwa. Jumapili baada ya ibada nitakuwa kwa mama, Mkonze. Njoo kama uliyekuja kumsalimia dada yako. Akiingia jikoni, niambie nani amekubali kusaini. Wakikataa wote, niambie hivyohivyo, nijiandae kusimama mwenyewe mbele ya kamati, niseme kwamba mimi ni mpwa wako na ng'ombe hao niliwaona.

Mpwa wako akupendaye