Tuta la Baba Telesfori Ukutani

Jumanne, Machi

Eti mimi ndiye ninayelowesha ukuta! Jirani yetu, Baba Telesfori, kamwambia balozi wa nyumba kumi kwamba namwagilia vitunguu kupita kiasi. Uongo mtupu. Nimepima kwa kamba: unyevu upande wetu unaishia palepale linapoishia tuta lake. Karundika nyasi na udongo ukutani vioze viwe mbolea, kama shambani, na matofali mabichi ya ukuta yananyonya maji kutwa. Nikibonyeza kidole, kinazama.

Leo balozi katuita wote wawili, nami nikamwambia Baba Telesfori: "Shikamoo baba. Hilo tuta lisogeze kidogo."

"Marahaba. Uashi umesomea wapi, fundi?"

"Nimejifunza mwenyewe."

"Basi jifunze na adabu."

Balozi akacheka! Akaamua niukarabati mimi, kwa kuwa najua sana. Ukuta wa watu wawili, nihangaike peke yangu! Na mama anafulia chini yake kila asubuhi. Ukimwangukia je?

Nimerudi nafoka. Mama kanipa boga, tamu kweli, nimekula vipande vitatu ndipo nikauliza limetoka wapi.

"Kwenye tuta la Baba Telesfori. Mmea umepanda ukuta, umezaa huku kwetu. Mimi ndiye niliyemwomba asilisogeze."

Sasa nimfokee nani?

Kesho nahamisha beseni la mama la kufulia, atake asitake.