Hawamtukani Tena Baba Mdogo

Mtera,
Jumatano.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima, ila moyo haujatulia. Goti lako linaendeleaje? Na uwele, umepata mvua au ndege wameumaliza? Huku mvua hatujaiona. Maji tunayatazama kutwa, bwawa zima mbele ya macho, na shamba la mtu halipati hata kikombe.

Mama mdogo Tabitha hajambo. Mtoto naye hajambo, ananyonya vizuri na kitovu kimeshaanguka. Najua ulinituma huku kwa ajili ya uzazi wake, siyo kwa ajili ya mume wake. Siku nilipofunga mzigo ulisema mtu aliyeletwa na mtumbwi hana ukoo wa kuuliza, na kwamba asikanyage kwako. Sikujibu, maana sijazoea kujibu. Lakini barua hii inamhusu yeye, na nakuomba uisome mpaka mwisho.

Baba mdogo Lukasi ametoka upande wa Iringa. Alikuwa fundi katika kiwanda cha serikali. Kiwanda kilipouzwa akapunguzwa kazi, ndipo akavuka bwawa kwa mtumbwi wa kuazima kuja kuvua. Wengi wanaokaa huku ufukweni walikuja hivyo hivyo. Na kwa kuwa watu wa kwao ni watani zetu, na matusi ya mzaha ndiyo salamu, nilipofika nilidhani naishi kwenye ugomvi. Jirani yetu Mama Yona alikuwa akipita asubuhi anapaza sauti tangu njiani:

"We mla mbwa, umeamka? Mbwa wangu simwoni tangu jana!"

Baba mdogo anamjibu mswaki ukiwa mdomoni: "Muulize mumeo, si ndiye aliyekuja kuomba mchuzi? Nyie Wagogo mnazaliwa mkono umeshanyooshwa!"

Basi wanacheka mpaka mtoto anashtuka. Mimi nilikuwa nakimbilia jikoni kwa aibu. Baadaye nikazoea, hata nikawa nazisubiri kelele hizo.

Tangu ukame huu uanze, mitumbwi imeongezeka sana. Inafika alfajiri imebeba masufuria, magodoro na kuku, na watoto wamefungwa kamba kiunoni wasitumbukie majini. Wanasema kambi yao ya ng'ambo imevunjwa. Watu wa hapa wanasema wanakuja na makokoro, zile nyavu za kukokota zinazozoa mpaka vitoto vya samaki. Wapo wenye nayo kweli, nimeyaona. Baba mdogo hana. Halafu tajiri anayekuja na lori la barafu akiona samaki ni wengi anashusha bei, na watu wakirudi nyumbani na hasira hawamlaumu tajiri, wanailaumu mitumbwi.

Wiki iliyopita ukaitishwa mkutano wa hadhara. Alikuja bwana mmoja anayegombea udiwani, na kipaza sauti chake. Akasema ruksa ya biashara imetolewa kwa wananchi, haikutolewa kwa kila kinachoelea. Kijana mmoja akadakia, "Hata taka zinaelea!" Watu wakacheka, mama, lakini hakikuwa kile kicheko cha Mama Yona.

Bibi mmoja anayebanika samaki akasimama. Akauliza, "Kabla ya bwawa hili, hapa palikuwa na nani? Si sote tumeyafuata maji? Wengine kwa miguu, wengine kwa mtumbwi." Mgombea akamwambia, "Bibi, tumekusikia, kaa." Akakaa. Wakakubaliana kwamba ikifika Jumapili ya wiki ijayo, siyo hii inayokuja, mtumbwi wa mgeni usionekane ufukweni, na mwenyewe asionekane kijijini. Mtu mmoja akauliza kuhusu wageni waliooa hapa. Mwenyekiti wa kijiji akasema mgeni ni mgeni.

Baba mdogo hakuogopa. Alisema, "Hayo ni ya kampeni. Uchaguzi ukipita watarudi kula samaki kwangu." Mama mdogo naye akaona hivyo hivyo. Mimi pia nilitaka kuona hivyo.

Kisha Jumamosi tukapata msiba. Alifariki mzee Sila, baba wa mwenyekiti, mtu aliyempenda sana baba mdogo na aliyetukanana naye kuliko wote. Baba mdogo alikwenda kufanya kazi ya mtani. Alivaa gauni la mama mdogo, akachukua jembe la wachimbaji akalikalia, akalia kilio cha uongo, "Sila umekufa, deni langu la matusi atalipa nani?" Hakuna aliyemtukana. Mwenyekiti akamwambia kwa upole, "Ahsante, ndugu, usijisumbue. Kaa tu." Wakamletea kiti.

Mama, mtani analetewa kiti msibani?

Hakukikalia. Nadhani aliona kwamba akizidisha watacheka. Kaburi lilipokuwa tayari akaruka ndani, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Nyumbani kwetu huwa wanamvuta mtu miguu, wanamwagia mchanga, wanamwita majina yote, mwisho jogoo analetwa. Pale watu walisimama kuzunguka kaburi wakamtazama. Jeneza liliwekwa chini. Nikamsikia mwanamume mmoja nyuma yangu, sikugeuka kumtazama, akisema polepole kama anayezungumza na mtoto:

"Mwacheni alale. Linamtosha."

Hakuna aliyecheka wala kumkemea. Baba mdogo akainuka kule chini. Akatoka mwenyewe, gauni limejaa udongo, hakupewa hata mkono wa kumvuta.

Tangu siku hiyo wote wanamsalimia vizuri. "Habari za asubuhi, bwana Lukasi." "Poleni na kazi, bwana Lukasi." Mama Yona naye akipita anainamisha kichwa. Nilijiambia labda ni kwa sababu ya msiba, mpaka leo asubuhi. Alinikuta peke yangu nachota maji, akaniuliza mtoto anaendeleaje, nikamwambia anaendelea vizuri. Akatazama huku na huku. Akauliza, "Usiku analala upande gani wa nyumba?" Nikamjibu, upande wa njiani, chini ya dirisha. Akasema, "Mwanangu, mwambie mama yako mdogo amhamishe." Kisha akaondoka haraka, ndoo yake akaisahau.

Nimemweleza mama mdogo. Amelivuta godoro la mtoto mpaka katikati ya nyumba.

Sasa ndilo ninaloomba, mama. Nimemwambia baba mdogo tuondoke wote kabla ya hiyo Jumapili. Akaniambia, "Niende wapi, Damari? Kwetu nyumba iliuzwa. Kwenu nimefungiwa mlango." Mama mdogo amesema hatamwacha, hata kama ni kwa ajili ya mtoto. Kwa hiyo hawa watu watatu wanasubiri neno lako, na wewe ulikuwa hujui. Nakuomba uwafungulie. Sina maneno mengine, na haya yamenichukua mchana mzima kuyaandika.

Nisalimie babu, mwambie tumbaku yake nimeipata. Msalimie shangazi wa kanisani, aniombee lakini asiwasimulie wanakwaya. Wadogo zangu waambie dada yao anawakumbuka wakati wa kula mlenda. Mama mdogo anakusalimu. Baba mdogo naye anakusalimu, amesema niandike "shikamoo dada", nikaona nikuandikie kama alivyosema.

Barua hii inakuja na dereva wa lori la samaki mpaka sokoni Dodoma, na pale ataipokea mtu wa huko kwetu Haneti. Usinijibu kwa barua, itachelewa. Ukikubali, mtume kaka Elieza aje kutuchukua. Ashukie darajani, mimi nitakuwa pale kila basi linapopita, kuanzia Jumatatu. Asinitafute kijijini, na jina la baba mdogo asimtajie mtu yeyote, hata mtu huyo akimsalimia vizuri namna gani.

Ni mimi mwanao,
Damari