Droo ya Tatu Inalia Ndani ya Albamu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa. Mimi ni karani kijana wa masjala, na starehe yangu ni kutafuta mtandaoni albamu zisizojulikana, muziki wa mitambo usio na maneno wala ngoma, unaotanda chumbani polepole kama mvuke wa pasi, na wenzangu wakiusikia huniuliza kama redio imeharibika. Mwezi uliopita nilipata moja iliyorekodiwa miaka ishirini na mitano iliyopita na kuwekwa mtandaoni mwaka jana, dakika arobaini, mtunzi anajiita Mtunza Kimya, na wasikilizaji wake wote ni kumi na mmoja. Dakika ya tisa nikasikia kitu kikikwama, kikalia mara mbili, kikafunguka, nami nikasimama, kwa sababu ile ni droo ya tatu ya kabati letu la mafaili, naivuta kila siku na mlio wake naujua kama kikohozi cha mama yangu. Nikamuuliza tarishi wetu, mama aliyetutangulia sote pale, akacheka. "Mwanangu, si mkuu wako huyo? Alikuwa anakuja na kinasa sauti, anarekodi droo na mihuri. Wakamcheka mpaka akaacha."

Mkuu wa masjala, mshauri, yule aliyeninyang'anya hedifoni na kuniita Bwana Masikio mbele ya wateja. Ijumaa anastaafu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandaa muziki wa kumuaga. Natamani kuupiga wake, ila nahofia watamcheka tena, safari hii kwa mkono wangu, na nikinyamaza ataondoka akiamini hakuna aliyemsikia. Nifanye nini?

Karani Mwenye Hofu

*

Mwanangu karani, masikio unayo, kilichokupungukia ni moyo. Umemtambua mtu kwa mlio wa droo, halafu unaogopa kugonga mlango wake? Pole, najua ni mkali. Lakini umeandika mwenyewe kwamba albamu iliwekwa mtandaoni mwaka jana. Nani aliiweka, panya wa masjala? Aliyekata tamaa hafukui kazi ya ujana wake akaianika upya. Huyo anangoja.

Ila usithubutu kumshtukiza ukumbini. Siri ni ya mwenyewe. Nenda kwake asubuhi, kabla ya wateja, umwambie kwamba dakika ya tisa ni droo ya tatu, kisha ufunge mdomo. Akikataa, piga nyimbo za kawaida na siri uitunze. Akikubali, zimeni simu, upigeni muziki wake wote, na anayetaka kucheka akachekee nje.

*

Jibu hili tulimtumia Jumanne. Jumamosi akatuandikia:

"Nilipomwambia, aliuliza, 'Na dakika ya thelathini na moja?' Nikasema ni muhuri wa tarehe. Akafungua mtoto wa meza, akanirudishia hedifoni zangu. Ijumaa alibonyeza kitufe mwenyewe. Ilipofika dakika ya tisa masjala nzima ilicheka, mshauri, nami nikadhani wanamcheka tena, kumbe wameitambua droo yao, wakasimama wakipiga makofi, na yeye akicheka kuliko wote. Tarishi akapaza sauti kutoka nyuma, 'Bwana mkubwa, irudishe tuisikie tena.' Akairudisha."