Ngoma Aliyoikataza Afande

Bwera, Jumanne usiku

Sijui kama nilifanya vyema kudanganya.

Ninawafundisha vijana wa kanisani muziki wa okestra ulioandikwa na watunzi weusi, ili wajue kwamba nota si mali ya Wazungu peke yao. Katika kipande cha leo fidla hunyamaza, ngoma ikalia peke yake. Mtunzi aliishi ng'ambo. Angejuaje kwamba kwetu mdundo kama ule huita watu wakati wa hatari? Majirani walikuja mbio na mapanga. Nyuma yao, wanajeshi.

"Muzee, ile ya wazungu iko sawa, piga mpaka muchoke," afande alisema. "Hii hapana. Nani alipiga?"

Aliyepiga alikuwa Kavira, mwanafunzi wangu, binti mkimbizi kutoka Butembo, upande wa pili wa mpaka. Wakimkamata, watamrudisha kule alikokimbia bunduki.

"Ni mimi, afande."

Akaitazama mikono yangu, ambayo siku hizi hutetemeka hata nikishika kikombe cha chai. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Sawa, muzee. Kesho asubuhi unakuja kwa kambi, unanipigia tena."