Habari Isiyosemwa kwa Simu

Jumatano, 5 Juni 2013

Mama yake bosi wangu Ersumo amefariki. Mimi najua, yeye hajui! Binamu yake Abinet amenipigia kutoka Johannesburg, bosi akiwa amekwenda kuchukua blanketi za jumla. Kwao Ethiopia, anasema, msiba hautangazwi kwa simu. Wazee wa kanisa lao watakuja Jumapili alfajiri, wamkalishe, wamwambie huku wamemshika. Mpaka hapo nifunge mdomo. Kwa nini mimi? Kwa sababu namuuzia dukani kwake na amepanga chumba kwenye flati yetu hapa Albert Park. Nikakubali. Mjinga mimi.

Alhamisi, 6 Juni

Baridi, blanketi zinatoka. Bosi anaimba! Nyumba aliyomjengea mama yake kule Hosaena imeshaezekwa – ghorofa moja, choo ndani. Mtaa mzima unajengwa na watu walioko Sauzi, anasema; ndani wanakaa wazee watupu. Akanivuta hadi kwenye mapazia.

"Dada Marcelline, chagua wewe. Ya chumba cha mama."

Nikachagua ya kijani. Kisha nikajifungia chooni nikalia. Mama yangu alipofariki Bukavu, walinitumia meseji. Niliisoma ndani ya taxi iliyojaa, tumesimama kwenye robot, taa imewaka nyekundu, abiria wanarudishiana chenji. Hakuna aliyenigusa hata bega. Labda hawa Waethiopia ndio wenye akili.

Ijumaa, 7 Juni

Hapana, ni ukatili! Tangu asubuhi anapiga kwao, hakuna anayepokea. "Network," nikamwambia. Mwongo mkubwa mimi! Na yeye ananisimulia Desemba – makaratasi yametoka, atapanda ndege, miaka tisa hajamwona mama. Alikuja kwa malori na miguu, akafungwa miezi saba Tanzania. Kiswahili chake ni cha huko rumande. Mara mbili nimefungua mdomo nimwambie. Mara mbili mteja ameingia.

Jumamosi, 8 Juni

Anajua.

Abinet, kichwa maji yule, amempigia kuuliza kama kesho alfajiri atakuwepo nyumbani. Bosi akashusha mlango wa duka saa saba mchana, wateja wamo ndani!

"Abinet haniulizagi hivyo. Mimi mwenyewe nimepanda ngazi za watu asubuhi na wale wazee, kupeleka msiba. Mara tano. Najua."

Nikaanza, "Bosi, mimi–"

"Usiniambie! Wasiponipata, mama bado yuko."

Atalala dukani. Nisimwambie mtu.

Jumapili, 9 Juni

Saa kumi na mbili na nusu. Wamekuja kumi na wanne! Wanawake wamejifunga shuka nyeupe. Wamejaa sebuleni, wengine kwenye vitanda vyetu, mmoja juu ya ndoo. Hawaulizi sana. Wanangoja tu. Nimekimbilia jikoni kujifanya nachemsha maji.

Ersumo amepiga mara tatu. Wameondoka? Bado. Wameondoka? Bado! Mara ya tatu sauti imebadilika.

"Wako wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Wengi," akasema. Hakukata. Simu iko hapa mezani, namsikia anavyopumua. Naandika kwenye kitabu hiki kwa sababu mikono sijui niipeleke wapi.

Mzee wao mmoja amesimama mlangoni, kofia mkononi. Ameiona simu, ameelewa, hataki kuigusa.

"Binti yangu," ameuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye simu, "mtoto wetu iko wapi?"

Ersumo amelisikia swali. Safari hii hajanikataza kusema aliko.